Sisimizi Kwenye Kamba ya Kija

Saa moja na nusu asubuhi Inspekta Makarius Kapele alifungua kabati la vielelezo katika kituo cha polisi cha Mpanda, akakuta sisimizi wamemtangulia kazini.

Walikuwa wametoka dirishani kwa mstari, wakapanda kabati, wakapita juu ya jalada la wizi wa ng'ombe bila hata kulinusa, wakaingia kwenye mfuko wa karatasi wenye kamba ya marehemu Kija Malale. Makarius aliubeba mfuko hadi mezani, akavaa glavu, akaitoa kamba. Ilikuwa kamba ya nailoni ya bluu, nene kama kidole gumba, imekatika vipande viwili. Kipande kirefu kilikuwa safi. Sisimizi walijazana pale tu ilipokatikia, na kwenye kile kipande kifupi chenye utepe mwekundu.

"Si nilikwambia, afande," alisema Koplo Innocent. "Asali hiyo. Evarist ni mrina asali, kashika kamba kwa mikono yake ya asali. Sisimizi wenyewe wanatoa ushahidi bila kula kiapo."

Innocent ndiye aliyemkamata Evarist. Tangu ofisi ya mkoa imtume Makarius kuipitia kesi hiyo, koplo alikuwa akimwangalia kama mtu aliyeondolewa sahani kabla hajashiba. Makarius alimwelewa. Kesi ya Kija Malale ilikuwa inasomwa redioni asubuhi na jioni, na kila askari alitaka jina lake litajwe humo.

Maana Kija naye alikuwa Kija. Mtoto wa wafugaji wa Mwamkulu, alikwenda Kilimanjaro akiwa na miaka kumi na tisa kubebea wageni mizigo, mwaka uliofuata akaupanda mlima huo akiwa amebeba mzigo wake tu. Baadaye akapanda Meru, Rungwe na Oldonyo Lengai. Aliwahi kutembea peke yake kutoka Mpanda hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika akiwa na unga, chumvi na kiberiti, na njiani akajishona jeraha la mguu kwa uzi wa kuvulia samaki. Begi lake alilishona mwenyewe kwa turubai. Chakula chake alipika mwenyewe, na ukimpa lifti alikushukuru akaendelea kutembea. Watu walimpenda kwa hilo, na ni hilo hilo lililowakera, kwa sababu ni kazi kukaa karibu na mtu asiyekuhitaji kwa lolote.

Jumamosi iliyopita alipanda Jabali la Isengo, ng'ambo ya Kabungu, huku watu wa redio wakimsubiri chini. Alifika kileleni, akapunga mkono, akafunga kamba kwenye mti na kuanza kuteremka. Hakumaliza hata hatua tano, kamba ikakatika.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Saa nane mchana Evarist, aliyekuwa naye kule juu, angepandishwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji. Kosa hilo halina dhamana, na mtu anaweza kukaa rumande miaka mingi akisubiri kesi ianze. Makarius alikuwa na saa sita na nusu.

"Innocent, umewahi kumwaga asali?"

"Nimewahi."

"Inafanyaje mkononi?"

"Inanata."

"Shika hapa."

Innocent akavaa glavu, akashika. Vidole vikateleza. Akainusa glavu, akakunja uso. "Inanuka kama maziwa yaliyochacha."

"Ni samli," alisema Makarius.

Kisha akachambua nyuzi kwa kibanio. Kamba iliyokatwa kwa kisu huwa na ncha zilizolingana, na iliyosagika mwambani huwa imechakaa nje kwanza. Hii haikuwa na dalili ya kimoja wala kingine. Nyuzi zilikuwa zimegeuka kahawia na kusinyaa, na ukivuta mmoja ulimeguka bila ubishi. Akajaribu uzi wa kipande kirefu. Ulimkata kwenye kidole kabla haujakatika.

Akaenda jikoni kwa mama anayewapikia chai, akaomba magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage, akayakoroga kwenye kikombe cha maji. Alikata kipande kidogo cha uzi mbovu mbele ya Innocent, akakiandika kwenye daftari la vielelezo na saa yake, akakifuta mafuta kwa pamba na kukitumbukiza. Maji yakatoa povu jembamba lililochemka kwa sauti ndogo. Akatumbukiza uzi mzima, maji yakatulia.

"Nini hiyo, afande?"

"Asidi. Mkemia atatuthibitishia akipata nafasi, lakini magadi hayana foleni. Mtu aliimwagia kamba maji makali ya betri. Yakaiunguza, ikakakamaa. Halafu akaipaka samli ilainike, isijulikane."

Innocent alihesabu hasara yake. Halafu akakumbuka silaha ya mwisho, akaifungua ile notibuku iliyokutwa mfukoni mwa marehemu. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu. Makarius alikuwa ameshausoma mara tatu:

*Ijumaa. Kamba nimeikagua yote kwa mikono. Mwisho mwekundu umepakwa mafuta. Kamba ya namna hii haitaki mafuta. Nitaitumia hivyo hivyo. Sijawahi kutunziwa kitu na mtu, na nikiibadilisha ataona nimemdharau.*

"Ijumaa marehemu alilala kwa Evarist, Kabungu," alisema Innocent. "Sasa huyo aliyemtunzia kamba ni nani mwingine?"

"Twende tumuulize."

Evarist aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mtu mfupi, mikono imejaa makovu ya nyuki. Siku tano za mahabusu zilikuwa zimemnyonya mashavu.

"Uligombana na Kija Ijumaa jioni," alisema Makarius.

"Ndiyo, mkubwa."

"Kwa nini?"

"Wivu." Alilisema neno hilo bila kulificha. "Isengo nimeipanda tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, nafuata asali kwenye yale mapango. Hakuna redio iliyokuja. Njia ya kule juu nimemwonyesha mimi. Halafu redio inasema Kija Malale ndiye mtu wa kwanza. Nikamwambia, na mimi nitaje basi. Akasema ataje vipi, wakati anapanda peke yake."

"Ukamwekea kinyongo."

"Nikamwekea. Lakini asubuhi nikambebea maji. Akakataa, akabeba ya kwake."

"Kamba za kupandia mizinga unazipaka nini?"

"Za magome? Nta. Nta tu."

"Samli je?"

Evarist alimwangalia kama amesikia upuuzi. "Samli, mkubwa? Nipande mtini nanuka samli, siafu wanifuate? Hata asali hatuachi kwenye kamba. Tukishuka tunaifuta kwa majivu."

Makarius alimtupia Innocent jicho. Innocent alikuwa anaangalia kalamu yake.

"Una betri nyumbani?"

"Nina tochi."

"Uliigusa kamba yake?"

"Nani angeigusa? Ukisogea karibu nayo anaihamisha. Alifika kwangu Ijumaa mchana ameivaa mwilini, akalala nayo kichwani kama mto."

"Kabla ya hapo ilikuwa wapi?"

"Kwao, Mwamkulu. Alikaa siku mbili, kumuaga baba yake."

"Na huo mwisho mwekundu, nani alijua ndio anaofunga juu?"

"Kila aliyemwona akishuka. Alipenda kusema, mwekundu juu, hapo ndipo roho yangu ilipo." Evarist akafuta pua kwa kiganja. "Mkubwa, nikienda jela mizinga yangu mia moja na ishirini itaingiwa na nondo wanaokula nta. Mke wangu hapandi. Watoto watakula nini?"

Makarius hakumwahidi kitu. Aliangalia saa, zilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Walikwenda Mwamkulu kwa pikipiki ya kituo, Innocent akiendesha kwa hasira na Makarius akila vumbi nyuma. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, ng'ombe walikuwa wanamaliza mabua. Kwa Mzee Malale turubai la msiba lilikuwa bado limetandwa, majivu ya moto wa wafiwa yakiwa katikati ya ua. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkongojo kati ya magoti.

"Mwangaluka, baba," Makarius alimwamkia kwa Kisukuma chake cha kuokoteza.

"Mwangaluka, mwanangu. Umekuja kuniambia yule mrina asali ameshafungwa?"

"Nimekuja kukuuliza kuhusu Kija."

Hapo mzee aliamka uso mzima. Alieleza jinsi Kija alivyozaliwa na jinsi alivyovuka mto akiwa na miaka saba. Alieleza alivyopiga simu kutoka kileleni mwa Kilimanjaro, upepo ukivuma ndani ya simu. Akanyoosha mkongojo kwenye zizi. "Yule dume mweupe unamwona? Siku ile ile nikampa jina. Namwita Kija, anakuja."

Pembeni ya mlango wa zizi, mwanamume wa miaka arobaini hivi, amejifunga shuka la bluu begani, alikuwa amechuchumaa akinyoosha kamba ya ngozi ya ng'ombe. Ni Mabula, mtoto wa kwanza. Kila mzee alipotamka jina la mdogo wake, mikono ya Mabula ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Na Mabula naye ana dume mwenye jina lake?" aliuliza Makarius.

Mzee alicheka, bila ubaya wowote. "Mabula? Mabula si yuko hapa hapa kila siku. Jina la nini?"

Makarius aliandika sentensi hiyo kama ilivyotamkwa. Kisha akamfuata Mabula, akachuchumaa karibu naye. Mabula alichovya vidole kwenye kibuyu, akaipaka ile kamba ya ngozi kutoka mwisho hadi mwisho. Vidole viling'aa.

"Hiyo samli?"

"Samli, afande."

"Ya kazi gani?"

"Ngozi ikikakamaa inakatika. Ukiipaka inalainika. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kila kamba?"

"Kila kamba."

"Kija naye alifanya hivyo?"

Mabula akatema mate pembeni. "Kija kamba yake ya dukani. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa."

"Ila siku zile mbili ilining'inia hapa kwenu."

"Kwenye kigingi, ndani ya stoo. Sisi hatuingii humo."

"Nani anaingia?"

Mabula alichovya tena vidole kwenye kibuyu, na mke wake Nyanzala ndiye aliyejibu, akiwa amebeba bakuli mbili za maziwa mgando kwa ajili ya wageni. "Si wewe mwenyewe, mume wangu, unayechaji simu za watu humo?" Alisema hivyo kwa wema wote, akaweka bakuli chini.

Stoo ilikuwa na mpunga, panga, kigingi kitupu, na betri kubwa iliyounganishwa na sola ya juu ya bati. Kando ya betri kulikuwa na chupa ya plastiki ya maji makali, imebaki robo. Sakafu ya udongo chini ya kigingi ilikuwa na doa jeupe lenye ukubwa wa sahani. Makarius alilipima, akalipiga picha, akakwangua udongo kidogo kwenye bahasha. Innocent, safari hii bila kuambiwa, alikuwa ameshatoa lebo na kuandika saa.

"Kaka Mabula," alisema Makarius walipotoka, "shuka lako lina matundu."

Yalikuwa matundu madogo madogo, kumi na kitu, yamerukaruka kwenye pindo kuelekea goti.

"Cheche. Tulilala kwenye moto wa msiba."

Makarius alilishika pindo. Tundu la cheche huwa na ukingo mweusi, mgumu. Haya yalikuwa meupe pembeni, na alipogusa, ukingo ulipukutika.

"Shemeji," alimwita Nyanzala, "shuka hili lilifuliwa lini?"

"Jumapili asubuhi, tulipopata habari za msiba, apate la kuvalia mazishini. Tena sabuni za siku hizi! Nimelianika ndiyo naona limetobokatoboka. Jumamosi lilikuwa zima kabisa."

"Moto wa msiba ukawashwa lini?"

"Jumapili hiyo jioni, watu walipofika." Nyanzala alimwangalia mume wake. Halafu akaliangalia shuka, na kile alichokuwa anataka kusema kikaishia mdomoni.

Makarius akamwomba Mabula warudi stoo, wao watatu. Innocent akakaa juu ya gunia na karatasi zake. Makarius alimpa Mabula onyo la kisheria taratibu: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani.

"Maji ya betri yakidondokea pamba huyaoni," alisema. "Nguo inaonekana nzima. Ukiifua, pale yalipogusa panaachia. Ungeliacha shuka chafu, ningekuwa bado namhoji mrina asali."

Mabula alilikunja pindo la shuka, akaficha matundu.

"Niliwaza garini, ni nani anapaka nailoni samli? Mpanda mlima hafanyi hivyo. Mrina asali anapaka nta. Ni mtu aliyekulia zizini tu, ambaye mkono wake ukikuta kamba imekakamaa unakwenda wenyewe kwenye kibuyu."

"Mmekuja na pikipiki," alisema Mabula.

Innocent aliinua kichwa. Makarius akakubali. "Niliwaza kwenye pikipiki. Ilikuwa Alhamisi ile, kabla Kija hajaondoka?"

Nje ng'ombe walikuwa wanaitana. Mabula aliangalia kile kigingi.

"Alhamisi," alisema mwishowe. "Baba alikwenda naye mnadani, kumwonyesha kwa watu. Mimi nikabaki na ng'ombe. Mimi ndiye nabaki siku zote, afande. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu ng'ombe walikosa mchungaji, Kija akaendelea. Ng'ombe wote hawa nimewakuza mimi. Wageni wakija wanaonyeshwa picha ya Kija. Sikutaka afe. Nilitaka ashindwe. Watu wa redio wafike, wakute hana kamba. Mara moja tu, na baba amwone anarudi nyumbani ameshindwa."

"Ukamwaga."

"Nikamwaga kwenye ule mwisho mwekundu. Ikakakamaa kama gome."

"Kija alikagua kamba kwa mikono, kila mara. Ikiwa imekakamaa vile angeiona, angeitupa. Asingepanda. Ungepata ulichotaka." Makarius alisogea mbele. "Basi samli ya nini, Mabula?"

Kalamu ya Innocent ilisimama. Mabula alijibu kwa sauti ndogo.

"Walirudi jioni. Baba hakukaa hata chini. Akaniambia, Mabula, mpe mdogo wako blanketi lako, alale vizuri, ana kazi kubwa." Akavuta pumzi. "Nikampa. Nikaja huku kuchomoa simu za watu. Nikachukua kibuyu."

Makarius alimwachia Innocent amalize kuandika na kusoma maelezo yote kwa sauti. Mabula akaweka dole gumba kwenye kila ukurasa. Zilikuwa saa sita kasoro.

"Pigia kituo," Makarius alimwambia Innocent. "Evarist asipelekwe mahakamani. Sema umegundua wewe."

Koplo alitoka mbio na simu yake. Makarius akatoa notibuku kwenye begi. Kisheria hakulazimika kufanya hivyo, na hata yeye hakujua kama ni huruma au ni ukali. Alijua tu kwamba maneno yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake.

"Kija aliandika hivi Ijumaa, kabla ya Isengo," alisema, akasoma. Alisoma kuhusu kamba kukaguliwa yote kwa mikono, mwisho mwekundu kupakwa mafuta, na kamba ya namna hiyo kutotaka mafuta. *Nitaitumia hivyo hivyo. Sijawahi kutunziwa kitu na mtu, na nikiibadilisha ataona nimemdharau.*

"Tulidhani anamsema Evarist," alisema Makarius. "Lakini samli ya kwenu aliijua. Amekua nayo. Aliposhika tu alijua ni mkono wa nani."

Mabula alikuwa ameinamisha kichwa kabisa. Mwanga wa mlangoni ulipita kwenye matundu ya shuka lake.

"Soma tena, afande."

Makarius akasoma tena, polepole.

"Ijumaa asubuhi, alipotoka na kamba stoo kuniaga," alisema Mabula, "alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu tuzaliwe hajawahi kunishika hivyo. Hakuuachia upesi. Nikadhani ananicheka."